Mrejesho: Mustang Mach 1 ya mwaka 1969 na kumbukumbu za kiwandani

Niliuliza hapa iwapo Mach 1, yaani Mustang ya Ford ninayotaka kuinunua, ilitoka kiwandani ikiwa na injini kubwa ya 428 Cobra Jet (namba hiyo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), kama muuzaji anavyodai. Nawashukuru nyote mlionishauri niagize ripoti ya Marti, ambayo hutolewa kutokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967, kwani imenifikia na jibu liko wazi: gari hili lilizaliwa na 351 ya kabureta yenye midomo minne.

Kusema kweli, ningeweza kulitambua hilo mapema, kwa sababu alama ya tano ya namba ya chesesi, inayoonyesha aina ya injini, ni M, ilhali 428 Cobra Jet ingekuwa na Q au R. Macho yangu yalikuwa yameng'ang'ania beji za boneti.

Hata hivyo, ripoti haikuwa ya kukatisha tamaa tu. Kiti cha nyuma cha kukunja, ambacho nilidhani kimepachikwa baadaye, kimo katika orodha ya vifaa vilivyoagizwa, pamoja na breki za diski za mbele. Mita ya mizunguko ya injini iliyopo kwenye dashibodi haimo. Bila shaka kumbukumbu hizo hazionyeshi kilichofungwa na wakala baada ya gari kutoka kiwandani, kwa hiyo mita hiyo siihesabu kuwa udanganyifu.

Muuzaji nimemtumia nakala, na sasa tunajadili bei ya gari la 351.