Naomba ushauri: kuunga boila ndogo ya shaba

Ndugu mafundi, habari za majukumu. Hapa nyumbani Pasiansi, Mwanza, ninatengeneza mfano wa injini ya mvuke itakayosukuma mashua ndogo ziwani. Silinda nimekwisha kuichonga kwenye kerezo. Kilichobaki ni boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, ya bomba la shaba nyekundu lenye kipenyo cha milimita 54. Risasi ya kawaida ya kulehemu siitaki, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 190 za Selsiasi, na maji yakipungua huku moto unawaka, kiungo kinaweza kuachia na mvuke ukamrukia mtu usoni. Afadhali fimbo za kulehemu zenye madini ya fedha, kama za mafundi wa friji, ambazo huyeyuka juu ya nyuzi 600.

Tatizo ni moto: kichomeo changu cha gesi ya kupikia huishia kuitia shaba weusi, kwani joto husambaa upesi kwenye bomba zima kabla kiungo hakijaiva. Je, nilizungushie matofali ya tanuri, au nitafute kichomeo kikubwa zaidi? Tena, boila itakayofanya kazi kwa shinikizo la bar 3 (bar ni kipimo cha shinikizo), nikiipima kwa maji baridi hadi bar 6 kwa pampu ya mkono, yatosha? Kuipima kwa hewa sithubutu.