Dereva wa gari la kunyonya vyoo anataka kunimwagia mzigo shambani bure, nikubali?

Mgomba_Mlandizi

Wakuu habari za saa hizi. Nina kashamba huku Mlandizi, ekari mbili na chenji, migomba ndo mingi halafu mapapai kidogo, na kule chini karibu na kisima wife ana matuta yake ya mchicha na matembele anauza hapahapa sokoni. Udongo ni kichanga kibaya, mbolea unaweka leo mvua moja imeshuka nayo yote. Samadi ya ng'ombe siku hizi imekuwa biashara ya watu, ukiulizia fuso moja unatajiwa bei mpaka unajiuliza hao ng'ombe walikuwa wanakula nini, na Urea hata na hii ruzuku iliyoanza 2022 ukipiga hesabu ya shamba zima bado inauma.

Sasa kuna jamaa anaendesha gari la kunyonya majitaka, kaniambia atakuwa ananiletea mzigo anamwaga shambani bure kabisa, mie kazi yangu kumwonyesha mstari wa migomba tu. Anasema kuna mkulima mwingine huwa anampelekea na ndizi zake zinabeba mikungu ya hatari. Wife kagoma, anasema wateja wakijua mchicha hautanunuliwa tena. Mie nasema kinyesi cha ng'ombe na cha mtu tofauti yake nini, vyote si vimetoka tumboni? Naombeni wenye uelewa mnisaidie, ila isiwe kunitisha tu.

chumvi_ya_pwani

Mkuu tutajie kwanza hilo soko 😂😂

BwanaShamba_Mstaafu

Kijana msikilize mkeo. Ila nikueleze sababu maana umeuliza vizuri.

Tofauti ipo na ni kubwa. Minyoo inayoishi kwa binadamu inatoka na choo cha binadamu, kwa hiyo ukimwaga choo kibichi shambani unairudisha moja kwa moja kwa watu. Mayai ya mchango, ile minyoo mirefu inayotoka kwa watoto, ni magumu ajabu, yana ganda, yanaweza kukaa kwenye udongo miaka na bado yako hai. Bakteria wa kipindupindu na taifodi wao jua na ukavu vinawamaliza mapema, mchango hapana. Sasa mchicha ni jani linalogusa udongo, mvua ikipiga tope linarukia juu, mama anafunga fungu anapeleka sokoni, mteja anaosha na maji ya ndoo moja. Unaona inavyokwenda.

Lakini sisemi choo si mbolea. Ni mbolea, na nzuri tu, kuna nitrojeni, kuna fosforasi, na hicho kichanga chako kinachohitaji zaidi ni mboji ya kushika maji. Shida ni UBICHI. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 kuhusu kutumia majitaka na kinyesi kwenye kilimo unasema hivi, kama joto la mahali linazidi nyuzi 20 basi likae zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezewa kibichi juu yake, au uchanganye na jivu au chokaa mpaka pH (kile kipimo cha uchachu) izidi 9 na likae zaidi ya miezi sita, au uivundike mboji ikapate moto wa nyuzi zaidi ya 50 kwa wiki nzima na ushee. Huko Pwani joto la nyuzi 20 unalo mwaka mzima kwa hiyo njia ya kwanza haikugharimu kitu zaidi ya subira. Hiyo ya kuvundika ni nzuri zaidi ila watu wanadanganyana, rundo likitoa mvuke katikati wanasema imeiva, wakati pembeni pale kumepoa na mayai yapo salama salimini. Lazima uligeuze, cha nje kiende ndani.

Halafu kitu kingine, jiulize kwanini anakupa bure.

Mgomba_Mlandizi

Asante sana mzee wangu. Kwanini bure? Mie nilidhani ni kwa vile kwake ni uchafu tu.

Dereva_Mstaarabu

Nijibu hapo mimi niko kwenye hiyo kazi. Mwenye nyumba anakulipa unyonye NA ukamwage sehemu halali, yaani kwenye mabwawa ya mamlaka ya maji. Kule bwawani unalipia kumwaga, halafu kuna foleni ya barabarani, kuna mafuta. Kwa hiyo akipata shamba la karibu la kumwaga, ile hela ya kumwaga na ya mafuta inabaki mfukoni. Hakupi zawadi wewe ndo unampa yeye dampo la bure, na siku wakija watu wa mazingira watakayemkuta na shimo shambani ni wewe, gari lishaondoka zamani. Na kisima umesema kiko hapohapo chini? Kichanga + kisima + lita elfu kadhaa kila tripu, fikiria mwenyewe.

Tena nikwambie siri ya kazi, mzigo mmoja si choo kimoja. Asubuhi unanyonya gesti, mchana gereji, jioni nyumba ya mtu. Hujui umeletewa nini.

KijanaWaKipawa

Hapo kwenye mabwawa ndo mnanikumbusha machungu. Sie tunakaa huku kati ya uwanja wa ndege na mabwawa ya Vingunguti, upande huu ndege upande ule harufu. Terminal 3 ikafunguliwa Agosti 2019, uwezo abiria milioni 6 kwa mwaka, vioo, ngazi za umeme, safi. Majirani zake sisi bado tunasubiri gari la kunyonya, bomba la majitaka Dar nzima limefikia sehemu ndogo tu ya watu, kama kumi kwa mia hivi. Mkopo wa uwanja wa Msalato Dodoma kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika ni zaidi ya dola milioni 270. Sikatai ndege, ila mtu anayepanda ndege na asiyepanda wote wanaenda chooni kila siku, sasa kipi kilitakiwa kuanza??

Mchumi_Uchwara

@KijanaWaKipawa uchungu wako nauelewa ila uwanja una namna ya kurudisha hela. Anayesafiri nje ndani ya tiketi yake kuna dola 40 za huduma ya abiria, wa ndani ya nchi analipa elfu 10, ndege zinalipa kutua, maduka yanalipa pango. Uwanja mkubwa kama wa Dar unaweza kujibeba. Ambapo mimi nakuwa na wewe ni hivi viwanja vya mikoani vinavyopata ndege chache kwa wiki, pale anayelipa ni mlipakodi ambaye hajawahi hata kufunga mkanda, na kila mkoa unataka wa kwake kwa sababu kiwanja kinafunguliwa kwa ngoma na mkasi. Umeshaona mbunge anakata utepe wa bwawa la mavi?

Wambui_Ruai

Poleni majirani wa TZ, huku Nairobi hiyo story ya airport tumeimaliza juzi juzi, terminali ya Greenfield pale JKIA, uwanja wetu mkuu wa ndege, ilifutwa 2016 ikiwa imeshaanza, halafu ikaja ile ya kukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani miaka 30, watu wakapiga kelele mpaka Rais akaifuta Novemba 2024. Sasa paa likivuja ni letu sote.

Lakini turudi kwa shamba. Mimi naishi karibu na mtambo wa majitaka wa Dandora huku Ruai na nikwambie ukweli, kuna watu hutoboa laini ya sewage wananyunyizia sukuma na nduma (magimbi), na mboga inakuwa kubwa nzuri majani meusi, ukiipata sokoni huwezi jua. Shida ya Nairobi si choo peke yake, ni vile viwanda vya Industrial Area na gereji vinamwaga kwa laini ileile, so kwa tope unapata metali nzito kama risasi (lead), kromiamu, kadimiamu. Minyoo ukingoja inakufa. Risasi ukingoja miaka kumi iko palepale.

Ndio maana wale waliofanya hii kazi vizuri hapa hawakuanzia kwa bomba, walianzia kwa choo. Sanergy kule Mukuru wanaweka vyoo vya ndoo iliyofungwa, wanazikusanya, wanapeleka nje ya mji, hakuna maji ya kiwanda yanaingia, ndio wanatengeneza mbolea ya Evergrow na funza wa chakula cha kuku. Na Naivasha Sanivation wao waliamua wasipeleke shambani kabisa wanakausha wanatengeneza kuni za kuchoma. Kwa hiyo wewe muulize huyo dereva mzigo umetoka wapi, asipojua jibu umeshapata.

Mswahili_Wisconsin

Mimi niko huku Marekani, Wisconsin, na hii mada imenichekesha kwa sababu jirani zangu wazungu wanaziwekea nyasi zao tope la choo kwa hela yao wenyewe. Jiji la Milwaukee linauza mbolea kwenye mifuko tangu 1926, inaitwa Milorganite, ni tope la majitaka ya jiji limekaushwa kwenye matanuri ya moto mkali mpaka linakuwa chengachenga kavu, halinuki sana. Linauzwa madukani kama unavyonunua Urea.

Sasa Mgomba_Mlandizi angalia kitu kimoja, kwenye mfuko namba zake ni 6-4-0, yaani nitrojeni, fosforasi, potasiamu. Hiyo sifuri ya mwisho ndo potasiamu. Potasiamu inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kwenye mtambo inaondoka na maji, tope linabaki nayo kidogo mno. Na mgomba ni zao linalokula potasiamu kuliko karibu chochote ulichopanda. Yaani hata ukipata tope safi kabisa lisilo na mdudu, kwa migomba utapata majani ya kijani ya kuringia lakini mkungu hautajaa inavyotakiwa mpaka uongeze jivu au mbolea yenye potasiamu. Huyo mkulima mwenzio wa mikungu ya hatari sijui, labda anaweka na jivu hajakwambia.

Halafu usidhani huku wameshamaliza mjadala. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 New York ilikuwa inamwaga tope baharini, sheria ya 1988 ikapiga marufuku, likabidi liende mashambani, na mwaka 1993 ikaja kanuni ya EPA, shirika la mazingira la huku, ile ya 503, inaweka viwango vya metali na vimelea. Kwa lile tope ambalo halijauawa vimelea vyote kanuni inasema mazao ambayo sehemu inayoliwa inagusa udongo usivune kabla ya miezi 14, na yaliyo chini ya ardhi kama viazi na karoti ni miezi 20 na inaweza kufika 38. Sasa mchicha wa wiki tatu utaupangaje hapo?

Na kilichokuja kuwavuruga kabisa siyo mavi, ni kemikali za PFAS, zile za sufuria zisizogandisha na nguo zisizoloa, haziozi. Jimbo la Maine wakakuta wafugaji wa maziwa waliomwagiwa tope miaka ya nyuma udongo, nyasi, maziwa mpaka damu zao zina hizo kemikali, 2022 jimbo likapiga marufuku tope shambani kabisa. Uswisi walishaacha tangu 2006 wanalichoma. Wale wakulima wa Maine waliambiwa ni mbolea nzuri ya bei chee, na aliyewaambia ni serikali.

chumvi_ya_pwani

Kwa hiyo Uswisi wanachoma fosforasi yao halafu wanakuja kununua nyingine? Dunia ina mambo

Mswahili_Wisconsin

Ndo hivyo. Ujerumani wameliona hilo, mitambo mikubwa kuanzia 2029 inatakiwa iivue fosforasi kwenye tope au kwenye jivu lake kwanza. Mawe ya fosfati yanachimbwa nchi chache duniani, nyie mna fosfati yenu ya Minjingu mshukuru.

Mgomba_Mlandizi

Aisee nimejifunza. Wife kasoma yote ananiangalia tu hasemi kitu 😅

Basi nimeamua huyu dereva nimwambie hapana. Ila choo changu mwenyewe cha nyumbani kina mashimo mawili, moja limejaa tangu mwaka juzi tumelifunika, hatumwagi dawa wala mafuta, ni familia tu. Hilo naweza kulitumia? Na kama ndiyo niweke wapi, kuna jirani pia anataka kidogo kwa majani ya ng'ombe wake.

BwanaShamba_Mstaafu

Hilo ndilo lenyewe sasa. Limekaa zaidi ya mwaka, hujaongeza kibichi, unajua kilichoingia. Chimbua kiangazi, vaa buti na glavu, ukikuta bado lina majimaji au linanuka choo rudishia funika. Likiwa limekuwa udongo mweusi unaovunjika, chimba mfereji kuzunguka shina la mgomba kama hatua moja kutoka kwenye shina, weka humo, fukia, na jivu la jikoni juu kama alivyosema ndugu wa Wisconsin. Mpapai sawa, tunda liko juu. Mchicha na matembele USIWEKE, hata kama limeiva, wapelekee samadi. Na lisisogee upande wa kisima.

Ukitaka uhakika wa udongo wako peleka sampuli SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga, waambie wakupimie potasiamu pia.

Jirani wa ng'ombe mwambie asubiri. Tegu ya ng'ombe inazunguka hivi, mayai yanatoka kwa mtu, ng'ombe anayala kwenye majani, yanakuwa malengelenge kwenye nyama, mtu anakula mshikaki haujaiva vizuri anayapata tena. Kama anataka sana aweke na yeye kwenye mfereji, afukie, halafu apande majani mapya juu yake, asirushe juu ya majani yaliyokwishaota.

Dereva_Mstaarabu

Na mkuu huyo dereva mwambie kistaarabu tu, usije ukaamka asubuhi ukakuta kamwaga barabarani getini kwako, wapo wa hivyo.