Fundi kazamisha mkasi wangu kwenye ndoo ya maji, UKIWA MWEKUNDU!

Mchongoma_Hai:
Wakuu, mkasi uko vipande viwili hapa mbele yangu, mikono inatetemeka. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa njia panda anayechomelea mageti kwa miwani ya jua.

Mkasi wa kukatia ua, mtumba wa Gerezani, Kariakoo, bapa limegongwa muhuri wa Sheffield, ule mji wa Uingereza unaosifika kwa visu na mikasi. Ulikuwa na ufa karibu na skrubu ya kati, nikampelekea auzibe tu. Kachukua rodi ya 6013, ile ile ya mageti, kachoma mpaka bapa likaiva. Halafu kaudumbukiza kwenye ndoo. Chwaaa! Mvuke ulivyopanda, kunguru wa Ilala nzima walihama.

Nikapiga kelele, "Fundi, maji ya nini?" Akanijibu: "Dada, wewe kata maua, chuma niachie mimi."

Kwenye ndoo! Chuma chenye kaboni nyingi kama cha mkasi huu hupashwa kwanza kwenye jiko la mkaa, nyuzi 200 mpaka 300, kikishaungwa kinafukiwa kwenye majivu kipoe taratibu. Yeye ndoo! Maji yenyewe kanawia mikono ya chapati! Tawi la kwanza tu, ta! Umekatika kama kioo, tena pembeni ya kiungo. "Wewe kata maua." Nikate na nini, meno?

Babu_Grenda:
Pole dada. Angalia na makali: yakishageuka bluu, ugumu umeondoka, utanoa mpaka Krismasi. Vyuma hivyo vinataka rodi ya 312, ile ya chuma cha pua, na kwa bei yake fundi wa mageti hainunui.

Tozi_wa_Tabata:
Mkasi wa Sheffield unampelekea mtu wa miwani ya jua, halafu unakuja kulia kwetu? Hela ulitoa lini?

Mchongoma_Hai:
Nilitanguliza. Lakini KWENYE NDOO jamani!

Tozi_wa_Tabata:
Katanguliza 😂😂😂

Shamba_Kibaha:
Afadhali yako. Mimi kaniungia fyekeo makali yakiwa yanatazama juu. Nafyeka mawingu.

Mama_Pacha:
Nyie mna mafundi wa chuma. Wa cherehani wangu kakaa na kitambaa tangu Idi, kila nikipiga simu "nakata sasa hivi".

Shamba_Kibaha:
Wa Buguruni, mwenye kibanda cha kijani?

Mama_Pacha:
Huyo huyo!!!

Kidawa:
Subirini. Kitambaa cha zambarau, maua meupe? Mke wake kakivaa harusini Jumamosi, nimekaa naye meza moja.

Mama_Pacha:
Kidawa njoo PM haraka. Una picha?