Mawakala wa China mnaoficha kiwanda: chupa zinashika kutu, na jina lililoandikwa juu yake ni langu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitapunguza maneno.

Nauza chupa za chai za stenlesi zenye nembo yangu, mtandaoni, hapa Dar. Wateja wangu wakubwa ni maofisi na kamati za harusi. Nembo nimeisajili BRELA kwa hela yangu. Mzigo huu nilimwagiza wakala aliyeko Guangzhou, aliyeniapia anachukua kiwandani moja kwa moja. Sampuli ikaja safi: nzito, mfuniko unakaza, chai ya usiku asubuhi bado ya moto, kitako kimegongwa 304, yaani daraja la stenlesi nzuri isiyoshika kutu ovyo. Nikatoa asilimia 30 ya kuanzia, picha zikaja, nikamalizia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Meli, bandari, ushuru, vyote nikavumilia.

Nafungua katoni, chupa nyepesi! Namba 304 ipo vilevile. Nikaziloweka kwenye maji ya chumvi, kesho yake vidoa vya kutu kwenye ukingo, palepale mtu anapowekea mdomo. Nikatafuta ile dawa ya kupimia stenlesi, unadondosha tone na kugusisha betri. Pakawa pekundu. Hiyo ni 201, stenlesi ya bei rahisi, ile inayopunguzwa nikeli na kujazwa manganizi ili bei ishuke. 304 halisi ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Kwa hiyo mtu amekaa akagonga muhuri wa uongo, chupa baada ya chupa.

Namuuliza wakala jina la kiwanda. Jibu: "Bosi, hiyo ni siri ya biashara." Siri gani wakati hela ni yangu na nembo ni yangu? Chupa hizi kwa wingi hutengenezwa Yongkang, mkoani Zhejiang, mbali kabisa na Guangzhou. Nikaomba leseni ya kiwanda, ile yenye namba ya tarakimu na herufi 18, akanitumia picha iliyokatwa juu na chini. Nikidai fidia, ananijibu "kiwanda kimekataa". Kipi hicho? Kwenye faida yeye ndiye kiwanda, kwenye hasara yeye ni mpita njia tu.

Mteja wangu hamjui huyo wakala, anaijua nembo. Kuna dada kazigawa kwenye kitchen party ya mdogo wake, amenitumia sauti ya kunisema ambayo siwezi kumlaumu hata kidogo. Nimemrudishia hela yake yote, nitawarudishia na wengine.

Wakala, najua humu unapita. Nataka pesa yangu au mzigo wa 304 kama sampuli, na jina la kiwanda kwa maandishi.

Wadau, mwenye mkaguzi wa kweli Yongkang au Yiwu, anayefungua katoni na kupima chuma kabla ile 70 haijatoka, aniunganishe. Wale wa "njoo inbox nina kiwanda changu" msijisumbue.