Reli ndogo ya mandhari ya Kijapani katika chumba cha ziada, Kisumu: naomba ushauri

Nyanza_Reli (Kisumu) ameuliza:

Hamjambo, wapenzi wa reli. Mimi ni mpangaji hapa Kisumu, na katika chumba cha ziada nina ukuta wa futi tisa ambao ningependa kuujengea meza ya reli ndogo ya skeli ya N (ile ya reli yenye upana wa milimita 9) yenye mandhari ya Japani. Tayari nina treni ya dizeli ya mabehewa mawili aina ya KiHa 40, reli za modeli za kampuni ya Kato zinazotosha mzunguko mmoja, na kidhibiti cha umeme kilichotoka Japani ambacho kimeandikwa volti 100 upande wa nyuma. Ninachokitamani ni kuiona treni hiyo ya mashambani ikisimama kwenye stesheni ndogo, huku Shinkansen (treni ya kasi ya Japani) ya kijani aina ya E5 ikipita juu ya daraja refu karibu yake.

Nimepanga kununua plaiwudi ya futi nane kwa nne na kuipasua katikati kwa urefu, ili nipate meza yenye upana wa futi mbili. Je, upana huo utazitosha treni zote mbili? Pili, umeme wa hapa hukatika mara kwa mara, na sijui kama kidhibiti hicho kinafaa kuunganishwa na soketi zetu. Tatu, unyevu wa ziwa unanitia wasiwasi kuhusu mbao na reli zenyewe. Kuhusu mandhari, ningependa mashamba ya mpunga, mashamba ya chai na miti ya sakura yenye maua. Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote aliyewahi kujenga.

Section58 (Nakuru) amejibu:

Karibu sana, ndugu. Tafadhali usiipasue plaiwudi hiyo kabla ya kupiga hesabu ya kona, kwa sababu katika reli ndogo kona ndizo zinazoamua ukubwa wa meza. Futi mbili ni sentimita 61. KiHa 40 yako inapita vizuri kwenye kona ya Kato yenye nusu kipenyo cha milimita 249, na mzunguko wa kona hizo, pamoja na upana wa tuta la reli lenyewe, unachukua takriban sentimita 53. Hapo unabaki na nafasi. Mabehewa ya Shinkansen, hata hivyo, yana urefu wa mita 25 kila moja katika uhalisia, yaani milimita 156 kwenye modeli, nayo yanahitaji kona yenye nusu kipenyo cha milimita 315. Mzunguko huo unataka sentimita 66 hivi, kwa hiyo ukipasua katikati utakuwa umeifungia E5 nje ya meza yako. Mwambie fundi seremala akukatie sentimita 75 kwa urefu wote wa futi nane, na kipande kitakachobaki ukitumie kwa rafu au kwa vilima.

Urefu hautakusumbua. Meza ya sentimita 240, ukiondoa kona za pande mbili, inakuachia mnyoofu wa takriban mita 1.7. E5 kamili ya mabehewa kumi ina urefu wa karibu mita 1.6 katika skeli hii, kwa hivyo itaonekana yote ikiwa imenyooka kwa muda mfupi kabla ya kuingia kona. Mimi ningeanza na mabehewa sita, kwa maana treni inayoijaza meza nzima huifanya meza ionekane ndogo zaidi.

Sasa nieleze jambo linalonivutia zaidi katika reli za Japani, na ambalo litakuokolea nafasi nyingi. Reli za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1067, ilhali Shinkansen, tangu ilipoanza kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964, hupita kwenye reli ya milimita 1435. Ndiyo sababu watengenezaji wa Kijapani huunda treni za kawaida kwa kipimo cha 1:150 na Shinkansen kwa 1:160, ingawa zote hupita juu ya reli ileile ya milimita 9. Ukigawanya 1435 kwa 160 unapata karibu milimita 9 kamili, lakini 1067 ukiigawanya kwa 150 unapata 7 na kidogo, kwa hiyo chini ya KiHa 40 yako reli ni pana kuliko inavyostahili. Jicho huzoea.

Sisi tunaoishi kando ya reli ya zamani tunalielewa jambo hili bila kusomeshwa. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja, na treni ya SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi, haiwezi kuingia juu yake. Vivyo hivyo, njia zako mbili hazina haja ya kuunganishwa popote, na hilo linakuondolea mteremko. Kuinua treni sentimita 5 kwa mteremko wa asilimia 4 kunahitaji mita 1.25 ya reli, na meza yako haina mita hizo za kupoteza. Jenga daraja la Shinkansen likiwa tambarare mzunguko mzima, juu ya nguzo, na uache njia ya mashambani ardhini.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: sukuma mzunguko wa daraja nyuma hadi ukaribie ukuta, na uvute mzunguko wa ardhini mbele hadi ukaribie ukingo wa meza. Njia ya ardhini itapita chini ya daraja mara mbili, mara moja kila upande, na mbele kabisa utabakiwa na ukanda wa sentimita saba hivi kati ya reli hiyo na nguzo za daraja. Stesheni yako iweke hapo. Mabehewa mawili ya KiHa 40 yana urefu wa sentimita 28 au 29, kwa hiyo jukwaa la sentimita 32 linatosha. Pima nafasi za nguzo kabla ya kugundisha chochote, kwa sababu nguzo moja ikiangukia juu ya njia ya chini italazimu mzunguko mzima usogezwe.

Stima_Kakamega amejibu:

Nitajibu la umeme na la unyevu. Ndugu Nyanza_Reli, usikichomeke kidhibiti hicho kwenye soketi hata kwa majaribio. Umeme wetu ni volti 240, na kifaa cha volti 100 kitaungua mara moja, pengine pamoja na injini iliyo juu ya reli. Kwanza soma kibandiko cha adapta yenyewe. Adapta iliyoandikwa 100–240 inahitaji plagi ya kubadilishia tu, lakini ikiwa imeandikwa 100 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa mazingira yetu. Treni za skeli hii hutembea kwa umeme wa volti 12 wa mkondo wa moja kwa moja, ambao ndio umeme wa betri ya sola. Ukiwa na betri ya volti 12, paneli ndogo juu ya paa na kidhibiti cha mwendo chenye swichi ya kurudisha treni nyuma, reli yako itaendelea kufanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani, na taa za stesheni utaziwasha kutoka betri hiyohiyo. Treni moja ya kisasa hutumia chini ya nusu ampea, kwa hiyo hata betri ndogo itakuhudumia jioni nzima.

Zingatia mambo mawili. Betri inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi, hivyo weka kifaa cha kusawazisha volti kati yake na kidhibiti. La pili ni fyuzi, na hapa sitaki mtu yeyote anielewe vibaya. Kidhibiti cha kiwandani hujizima gurudumu likitoka relini na kugusa reli zote mbili, lakini betri haijizimi: itaendelea kusukuma umeme mwingi mpaka waya iwe nyekundu na plastiki ya reli iyeyuke. Weka fyuzi ya ampea moja karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si mwisho wa waya. Unaponunua kidhibiti cha mwendo, chagua kile ambacho hakiifanyi mota kunguruma ikiwa polepole, kwani mngurumo huo ni dalili ya mapigo ya umeme yaliyo mazito mno kwa mota ndogo.

Kuhusu unyevu, reli za Kato ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, kwa hiyo hazishiki kutu kama chuma. Kinachozitia weusi ni cheche ndogo za magurudumu zikichanganyika na vumbi na mafuta. Futa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa alkoholi safi ya isopropili, na usitumie msasa, kwa maana mikwaruzo yake ndiyo itakayohifadhi uchafu baadaye. Plaiwudi ndiyo ya kuogopewa. Ipake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, kisha iweke juu ya fremu ya mbao kavu za inchi mbili kwa moja, yenye mbao za kukingama kila sentimita 40. Ukipaka upande wa juu peke yake, ubao utavuta unyevu kutoka chini na kupinda.

Mama_Chai (Kericho) amejibu:

Wenzangu wamemaliza ya reli na stima, nami nizungumzie nchi yenyewe, kwa sababu naona ombi lako, kaka, limechanganya sehemu mbili za Japani na misimu miwili. E5 ilianza kazi mwaka 2011 kati ya Tokyo na Shin-Aomori, kaskazini mwa kisiwa kikuu. Chai unayoiona katika picha nyingi inalimwa mkoani Shizuoka, kusini-magharibi mwa Tokyo, ambako Shinkansen zinazopita ni zile nyeupe zenye mstari wa buluu. Chagua mahali pamoja, kisha mahali hapo pakuchagulie treni, mazao na miti.

Mimi nilichagua Shizuoka, na kwa mtu wa Kericho sababu yake inaeleweka. Hata hivyo, chai ya kule haifanani na yetu. Yetu imekatwa juu ikawa tambarare kama meza, ya kwao imepandwa kwa mistari na kukatwa kwa mviringo juu, na mistari hiyo huachana kwa takriban mita 1.8, yaani milimita 12 kwenye modeli. Nilikata sponji za kuoshea vyombo kuwa vipande vyembamba, nikazungusha kingo za juu kwa mkasi, nikavigundisha kufuata mzunguko wa kilima. Kilichokamilisha shamba ni nguzo nyembamba zenye feni vichwani. Katika usiku wa baridi wa majira ya kuchipua, feni hizo huisukuma chini hewa yenye joto kidogo ili baridi kali isiunguze machipukizi. Niliziunda kwa pini za urefu wa sentimita nne, na kila anayetoka mashamba ya hapa huuliza ni za nini.

Wewe una E5 na KiHa 40, na uko karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero. Jenga Aomori. Katika mkoa huo KiHa 40 ziliendelea kubeba abiria wa kawaida hadi mwaka 2021, kwa hiyo kwa muda wa miaka kumi hivi treni zako mbili zilihudumia mkoa mmoja. Badala ya chai panda miti ya matufaha, kwani Aomori inasifika kwayo kote Japani. Kisha nenda Ahero ukayatazame majaruba: namna maji yanavyotulia, namna matuta yanavyopinda yanapofuata mfereji, rangi ya tope pale maji yanapoishia. Jaruba la kisasa la Kijapani lina mita 30 kwa 100, ambazo kwenye meza yako ni sentimita 20 kwa 67, kwa hiyo usijaribu kuliweka zima. Onyesha pembe yake tu, likatwe na ukingo wa meza. Paka rangi ya tope, acha ikauke kabisa, kisha mimina vanishi inayong'aa kwa tabaka nyembamba.

Kwa upande wa msimu, sakura huchanua Tokyo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na Aomori mwishoni mwa Aprili. Wakati huo mpunga haujapandikizwa bado. Ukitaka maua, basi majaruba yawe na tope na maji peke yake. Ukitaka mpunga wa kijani uliosimama, miti ya sakura iwe na majani ya kawaida.

Nyanza_Reli ameandika:

Asanteni sana, na asante Mama kwa maelezo ambayo sikuyatarajia. Itakuwa Aomori, mwishoni mwa Aprili, majaruba yakiwa na maji na sakura zikiwa na maua. Swali moja limebaki: kwa kuwa nimepanga, huenda nikahama. Je, meza ya sentimita 240 itapita mlangoni na kupanda pikapu bila kuharibika?

Section58 amejibu:

Ijenge ikiwa fremu mbili za sentimita 120 tangu mwanzo, ziunganishwe kwa bolti na nati za masikio zinazofungwa kwa mkono. Mahali zinapokutana, tumia kipande cha reli cha Kato kinachorefuka na kufupika kati ya milimita 78 na 108. Ukikifupisha, kinajitoa bila kusumbua reli za pande zote mbili. Utahitaji vinne, kwa kuwa kila mzunguko unakatiza mpaka huo mara mbili. Daraja lifanye vilevile, na usiweke nguzo juu ya mpaka.

Ukiona hata hiyo ni kubwa, tazama mfumo wa moduli za T-TRAK, unaowafaa watu wenye nyumba ndogo. Kila moduli ni sanduku la upana wa milimita 308 linalowekwa juu ya meza ya kawaida, na reli yake ya milimita 310 huchomoza kidogo ili moduli mbili zishikane kwa viunganishi vya reli vyenyewe. Stesheni yako ya sentimita 32 haitaingia katika moduli moja, lakini moduli mbili zinaitosha kwa nafasi, na siku tukikutana Nakuru, Mama aje na chai yake na wewe uje na majaruba, vyote vitaungana juu ya meza moja mradi kila mtu amefuata kipimo cha milimita 33 kati ya njia mbili.