"Meza" na mensa ya Kilatini: n ilipotelea wapi?

Swali: Wadau, "meza" tumeipata kwa Wareno, nao wameirithi kutoka "mensa" ya Kilatini. Mbona n haipo? Na "mensis" ndiyo wingi wake?

Jibu 1: Ilipotea Roma kwenyewe, kabla Kireno hakijazaliwa. Katika matamshi ya kawaida, n iliyo mbele ya s ilidhoofika na irabu iliyoitangulia ikarefuka. Ndiyo maana hata "consul" (cheo cha kiongozi mkuu wa Roma) ilifupishwa COS, bila n, kwenye maandishi ya mawe. Wareno walifika pwani na "mesa", na s yao kati ya irabu hutamkwa z.

Jibu 2: Wingi ni mensae kwa mtenda, mensas kwa mtendwa, mensarum kwa umilikaji. Mensis ni wingi pia, lakini wa "kwa meza" au, baada ya in, "mezani". Wengi hukwama hapa, kwa sababu ipo mensis nyingine: "mwezi", ya jinsia ya kiume, kundi la tatu la nomino za Kilatini. Kivumishi ndicho kitakachokuokoa: mensis longus ni mwezi mrefu, in mensis longis ni kwenye meza ndefu.

Muuliza swali: Na mensa secunda?

Jibu 2: Awamu ya mwisho ya mlo: matunda na vitamutamu.