Chokoleti ya kupaka kwenye biskuti imegeuka bonge

Mama Wawili, Tabora:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninawaandalia wanangu kitafunwa cha Kimarekani cha biskuti, chokoleti na mashimelo (peremende laini za sukari zinazovutika) ya kuchoma, nikiongeza siagi ya karanga niliyosaga mwenyewe. Jana chokoleti, niliyoiyeyusha katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, iligeuka ghafla kuwa bonge lenye chengachenga. Nimekosea wapi?

Mpishi wa Kigoma:
Pole sana, dada. Bila shaka tone la maji au mvuke uliingia, kwani unyevu mdogo tu hugandanisha sukari na kakao. Kausha bakuli kabisa, moto uwe mdogo, na maji yasiguse kitako chake. Bonge lile usilitupe: liongezee maziwa ya moto kidogo kidogo ukikoroga, litalainika na kupakika.

Bibi Karanga, Tabora:
Mjukuu wangu, hata siagi usiitie maji. Kaanga karanga, zifikiche maganda, uzipepete, kisha uzisage zingali na joto. Mwanzoni zitakuwa unga mkavu, lakini endelea mpaka mafuta yajitoe yenyewe. Mashimelo yakikosekana, asali yetu ya miombo inafaa, ingawa haivutiki vile.

Mama Wawili:
Shikamoo, bibi. Asanteni nyote, kesho ninarudia.